Kumbukumbu Moja kwa Meza Mbili

Kama ulifunga ndoa Kariakoo miaka ile, kadi yako ilipita mikononi mwa Natvarlal, na usinibishie. Uwe Mhindi, uwe Mwarabu, uwe Mzaramo, uwe Mchaga kama mimi, mlango ulikuwa mmoja: duka la kuchapa kadi Mtaa wa Mkunguni, ubao wa kijani uliofifia juu, kiti cha mbao mlangoni, na Mzee Natvarlal mwenyewe amekaa hapo na chai yake ya iliki, anasalimiana na kila anayepita. Alizaliwa Kisutu. Kiswahili chake kilinishinda mimi wa Kilema, na akinisikia nimekosea ananisahihisha mbele ya wateja bila haya. Nilikuwa nakasirika, halafu nasema vile alivyonisahihisha.

Mimi naitwa Euphrasia. Niliingia pale kukunja kadi, nikaishia kuandika maneno yote ya Kiswahili. Kigujarati sikukijua, nilikiona kama mikia ya paka iliyopangwa mstari. Ila vineno viwili nilivijua kwa macho, na kwa kuwa hivyo viwili ndivyo vilivyotutoa machozi sote, navieleza mapema.

Hawa Wahindi wetu wana barua ya harusi, inaitwa kankotri, ya wino mwekundu. Wana pia barua ya msiba, kalotri, nyeusi. Kwenye kankotri majina ya maharusi yanatanguliwa na *Chi.*, yaani aishi miaka mingi. Kwenye kalotri jina la aliyekufa linatanguliwa na *Sva.*, yaani ametangulia mbinguni. Ile Chi. ukiiandika kwa herufi zao ina kitu juu kinapinda kama mpini wa mwavuli. Sva. haina. Kankotri unaingia nayo ndani, unaiweka mbele ya miungu, unaitunza. Kalotri unaisoma nje ya mlango, ukimaliza unaichana palepale, unanawa, ndipo unaingia. Haivuki kizingiti hata kidogo.

Kwa hiyo Natvarlal alikuwa na meza mbili. Wakati ule kadi zilipangwa kwa herufi za risasi, moja moja, kwa vidole. Meza ya mbele, karibu na mlango, ilikuwa ya harusi, na makasha yake ya herufi. Meza ya nyuma, karibu na bomba la maji, ilikuwa ya misiba, na makasha yake. Herufi ya nyuma haikuja mbele. Ya mbele haikwenda nyuma. Siku moja herufi k zilituishia meza ya mbele tukiwa na harusi ya watu wa Gerezani, na meza ya nyuma k zilikuwa zimejaa kasha zima. Unadhani alikwenda kuzichukua? Thubutu! Alikaa na mteja akambembeleza mpaka yule bwana akakubali "karibuni" ibadilishwe iwe "njooni nyote".

"Mzee, herufi ni herufi," nilimwambia. "Kwani k ya msiba inalia?"

"Herufi ina kumbukumbu, Efrazia," alisema. "Jina lililopita juu yake halitoki kwa mafuta ya taa."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Alikuwa na rafiki yake, Suud, Mwarabu wa duka la viungo upande wa pili wa mtaa, ambaye kila alasiri alivuka barabara kuja kucheza naye drafti pale mlangoni. Suud naye akacheka. Akasema Natu bwana, wewe ungezaliwa mwanamke ungekuwa mkunga wa kienyeji. Natvarlal alimla kete mbili na kumwambia acheze, asilete maneno.

Basi zikaja enzi za ruksa. Kila mtu Kariakoo akawa na binamu Dubai. Mtaa wetu ulijaa televisheni ndani ya maboksi, redio kaseti, vitenge vya Indonesia, na Mchikichini mitumba ikawa inamwagwa chini mtu anachagua kwa mguu. Nilesh, mtoto wa kiume wa Natvarlal, naye akapanda ndege. Alirudi na kompyuta.

Sitamsema vibaya Nilesh. Alikuwa kijana mwema na kichwa kilikuwa kinachemka. Lakini alikuwa na haraka, na Kariakoo ya wakati ule ilimpenda mtu wa haraka. Wiki hiyohiyo alizitia herufi zote za risasi kwenye magunia, za meza ya mbele na za meza ya nyuma pamoja, akaziuza Feri ziyeyushwe ziwe chubwi za kuzamishia nyavu. Natvarlal alikuwa hospitali siku hiyo kwa ajili ya macho. Aliporudi akakuta magunia hayapo, alisimama katikati ya duka na bandeji yake jichoni.

"Ulizitenganisha?" aliuliza.

"Bapuji, ni risasi. Zinaenda kuyeyuka."

Mzee hakula mchana ule. Mkewe, Mama Daksha, alileta chakula na kukirudisha kilivyo.

Nilesh alituita tukae mbele ya kioo cha kompyuta atueleze. Mimi nilitaka kujua kitu kinawashwa wapi, basi. Natvarlal aliuliza maswali kama mtu anayeozesha binti.

"Ndani mna programu mbili," Nilesh alisema. "Moja ya Kigujarati, moja ya Kiswahili. Zamani ilibidi ufunge hii ndipo ufungue ile. Mimi nimezifanya zikae pamoja. Zinachangia kumbukumbu moja. Ukitoka huku ukaingia kule, inaendelea pale mwenzake alipoachia. Ukubwa wa herufi, nafasi, heshima ya jina, vyote."

"Kumbukumbu ya nani?" Natvarlal aliuliza.

Maana pale dukani kumbukumbu lilikuwa neno la meza ya nyuma. *Kumbukumbu ya marehemu fulani, mwaka mmoja tangu ulipotutoka.* Tumelipanga mara ngapi!

"Si ya mtu, Bapuji. Ya mashine. Mahali inapoweka mambo yake wakati inafanya kazi."

"Meza ngapi?"

"Meza moja," Nilesh alisema, na alikuwa anatabasamu. "Ndiyo uzuri wake."

Na heshima za majina alizipanga hivi. Kulikuwa na vitufe viwili. Ukibonyeza cha kwanza, kila jina upande wa Kiswahili linatoka na Bwana au Bibi, na upande wa Kigujarati linatoka na Chi. Ukibonyeza cha pili, huku linatoka na Marehemu, kule linatoka na Sva. Ulichobonyeza kinabaki hivyo mpaka ubonyeze kingine. Na kwa kuwa kumbukumbu ni moja, ukiacha Marehemu kwenye Kiswahili, unaikuta Sva. inakungoja kwenye Kigujarati.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja tulitoa karatasi za msiba wa mwalimu wa Ilala, mchana wake Nilesh akaandika kankotri ya watu wa Kisutu, akaichapa, ikachukuliwa. Kesho yake mama mmoja wa Kihindi alikuja na bahasha nzima. Hakuingia. Alisimama barabarani, pikipiki zinampita mgongoni, akaanza kuchana kadi moja moja mbele yetu na kuzitupa chini.

"Bibi yetu yuko nyumbani anakula!" alipiga kelele. "Nyinyi mmeshamwandika Sva.!"

Jina la bibi yao ndilo lililokuwa la kwanza kwenye kadi, na Nilesh alikumbuka kubonyeza likiwa limeshapita. Nilesh aliomba radhi, akaeleza, akaonyesha vitufe, akachapa upya bure. Ni kosa la kusahau kubonyeza, basi. Bibi mwenyewe, tuliambiwa, alicheka sana. Siku ya hina ya mjukuu wake hakuiona.

"Alikuwa mzee," Nilesh alisema.

"Kweli alikuwa mzee," nilisema na mimi. Natvarlal alikwenda kunawa mikono.

Sasa sikilizeni hili la Suud, na mtu asiniambie ni bahati mbaya. Suud alikuwa anamwoza binti yake Rawan. Kadi ilikuwa ya Kiswahili, kazi yangu. Asubuhi tulikuwa na tanzia, halafu umeme ukakatika, maana ulikuwa wakati wa mgao, Kariakoo nzima jenereta zinanguruma na moshi. Uliporudi, Nilesh akasema afadhali, umeme ukikatika kumbukumbu yote ya mashine inafutika, inaamka haijui kitu, kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Juu ya hayo akabonyeza kitufe cha kwanza mwenyewe. Niliona kidole chake. Nikaandika. Tukatoa nakala moja ya kusahihisha, na Suud alikuwa palepale mlangoni na drafti, akainyang'anya kabla sijaisoma.

Akaisoma kwa sauti, mtaa mzima usikie. "*Marehemu Suud bin Zayed ana furaha kubwa kukualika!*"

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Natu, wewe mtu mbaya! Umenizika, halafu bado unanituma nikualikie watu!"

Wapita njia walicheka. Mimi mwenyewe nilicheka, Mungu anisamehe. Natvarlal hakucheka. Alimwomba ile karatasi, akamwomba kwa upole kama unavyomwomba mtoto kisu. Suud akakataa, akasema anaipeleka nyumbani Mauza, mkewe, naye afurahi. Akaikunja akaitia mfukoni akaondoka nayo, akavuka kizingiti cha kwake nayo.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kadi zilizogawiwa hazikuwa na kosa, niliziangalia zote. Suud alimwoza binti yake, alicheza, alikula. Wiki hiyohiyo alianguka dukani kwake katikati ya magunia ya binzari, akafa kabla hawajamfikisha popote. Alipokuwa akioshwa, Mauza aliikuta ile nakala bado iko mfukoni mwa kanzu.

Ubao wa drafti Natvarlal aliufunga kwa kamba. Kuanzia hapo aliiangalia ile kompyuta kama unavyomwangalia mbwa wa jirani aliyekwisha kung'ata mtu. Nilesh aliifungua nyuma, akapuliza vumbi, akaingiza programu zake upya, akatuambia hakuna kitu. Lakini niliona kwamba hakuwa anaigusa bila kuitazama kwanza. Nilianza kuogopa kubaki nayo peke yangu hata mchana. Ikizimwa kioo kilikuwa cheusi, na mimi niliona kama kuna mtu nyuma yake anashika pumzi.

Na sisi tulikuwa na harusi yetu wenyewe. Nirali, mtoto wa mwisho wa Natvarlal, alikuwa anaolewa na Manan, kijana wa duka la spea Gerezani. Nirali nilimkuta mdogo, nilimsuka nywele, alijifunza kusoma kwa herufi za meza ya mbele. Manan nilimpenda kwa sababu hakuwa na maringo. Alikuja na pikipiki yake mikono ina grisi, akanunua mihogo ya kukaanga pale nje, akaja kula mezani kwangu na pilipili yote.

"Dada Efrazia, mambo?"

"Poa. Utachafua kadi za watu, shika adabu."

"Kadi yangu lini?"

Hilo ndilo swali lililokuwa linamla Natvarlal. Kwenye kankotri yao, jina la kwanza kabisa lilikuwa la Manan. Na tulikwishaona kwamba ile mashine ikitoka kwenye msiba, inalishika jina la kwanza la harusi inayofuata.

Natvarlal akapiga marufuku misiba. Mpaka kankotri ya Nirali itoke, duka halipokei tanzia, halipokei kumbukumbu, halipokei hitma. Wateja wa miaka mingi walirudishwa mlangoni. Nilesh alilalamika, baba yake akamwambia akitaka meza ya nyuma aende Feri akaivue baharini.

Tungefika salama. Kuhani wao alikwishataja siku na saa njema ya kuandika kankotri: Ijumaa, baada ya adhuhuri. Ikipita hiyo, ni mpaka msimu mwingine. Ijumaa ile asubuhi, Mauza alisimama mlangoni kwetu, amevaa nguo zake za eda, mdogo wake amemshika mkono.

"Shemeji," alimwambia Natvarlal, "sikutakiwa kutoka, lakini sikuweza kumtuma mtu kwako. Jumapili ni arobaini ya ndugu yako. Nataka karatasi za kuwaalika watu hitma, zigawiwe msikitini leo baada ya sala."

Nilesh aliinuka haraka. "Mama, tumesimamisha kazi za..."

Natvarlal alinyanyua mkono. Nilimwona uso. Mtu aliyekuwa amewarudisha watu wa mtaa mzima, huyu hakuweza. Jina la Suud lilitoka na Marehemu pale dukani kwake, kabla halijatoka popote pengine. Angemfukuzaje mjane wake?

"Kaa, shemeji," alisema. "Efrazia, andika."

Niliandika. *Kumbukumbu ya arobaini ya Marehemu Suud bin Zayed.* Karatasi zilitoka safi, Mauza alizipokea, akalia kidogo, akamwombea Natvarlal heri ya harusi. Akaondoka. Tulisikia adhana ya Ijumaa, halafu kimya kile cha Kariakoo wakati wa sala, maduka yamefungwa nusu mlango.

Saa njema ikafika. Nilesh alizima mashine, akachomoa waya ukutani, akasubiri, akachomeka. Akafungua Kigujarati. Akabonyeza kitufe cha kwanza, akakibonyeza tena, akakibonyeza tena.

"Angalia mwenyewe, Bapuji. Ni Chi. Hamna kitu kingine."

"Na siku ya Suud?"

Nilesh akanyoosha vidole aandike jina la Manan, na baba yake akaushika ule mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Nipishe," alisema.

Haki ya Mungu, mzee yule hakuwahi kuigusa ile kompyuta tangu iingie. Akaketi. Nilielewa anachotaka kufanya kabla Nilesh hajaelewa, na nikapandwa na hasira.

"Mzee, acha ujinga!" nilimwambia hivyohivyo, bosi wangu. "Kama hilo dude linataka jina, lipe jina lolote! Andika la paka. Andika Simba, andika Popo Bawa, likamshike huyo!"

"Jina lisilo na mtu litapita tu, Efrazia. Litaenda kwa anayefuata." Alikuwa ametulia. "Na mwenye jina lazima akubali mwenyewe. Siwezi kuandika la mwingine."

Akatafuta herufi kwa kidole kimoja. Alichukua muda, jicho moja karibu liguse kioo. Hakugusa kitufe cha heshima. Kilikuwa kimebonyezwa cha kwanza, Chi., sote tumeona. Alipomaliza jina lake alikaa nyuma, nami nikainama nitazame.

Hapakuwa na mpini wa mwavuli. Mbele ya jina lake kulikuwa na kile kineno kingine.

"Mimi sikuweka hiyo," Nilesh alisema. "Bapuji, mimi sikuweka hiyo."

"Najua. Ichape. Moja tu."

Mashine ikachapa mstari mmoja katikati ya karatasi tupu. Natvarlal aliichukua, akatoka nayo mlangoni, akasimama barabarani juani. Akaisoma. Nilimwona midomo inatikisika. Akaichana, akaichana tena, akaviachia vipande mtaroni. Akaingia, akaenda kwenye bomba, akanawa mikono mpaka viwikoni. Alipogeuka alikuwa anafuta vidole kwa shati.

"Sasa andika watoto," alisema.

Nilesh aliandika akiwa analia. Jina la Manan lilitoka, na mpini wa mwavuli juu yake. Jina la Nirali likatoka, na mpini wake. Mimi nilipiga kigelegele peke yangu, watu waliokuwa wanatoka msikitini wakageuka kutazama. Nadhani nilipiga ili nisipige yowe.

Kadi zilipokwisha kuchapwa Natvarlal aliifunika mashine kwa kitambaa chekundu cha sherehe, waya akauchomoa mwenyewe, akasema isiguswe na mtu mpaka harusi ipite. Na akawa mwepesi. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alifungua kamba ya ubao wa drafti, akawa anacheza na yeyote anayepita, akifungwa anacheka. Akanisahihisha Kiswahili changu na kuniambia, "Nitachoka lini na wewe, mama?" Nilesh alimpeleka kwa daktari, daktari akasema moyo uko sawa. Nilesh akaniambia, unaona, Dada Efrazia? Nikamwambia naona.

Harusi ilikuwa nzuri, sina la kusema. Manan alikuja juu ya farasi aliyekodiwa, farasi akagoma mbele ya ukumbi, watu wakafa kwa kicheko. Natvarlal alimkabidhi binti yake, akamshika Manan usoni kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma nakala ya kusahihisha. Manan akaona aibu. Hakujua kitu. Mpaka leo hajui, labda awe anasoma hapa.

Asubuhi yake nilifika kazini. Mtaa umeshachangamka, wauza maji wanapita. Natvarlal alikuwa kitini kwake mlangoni, chai mkononi juu ya goti, ametazama barabara.

"Shikamoo, Mzee," nilisema.

Yule mtu hakuwahi kuacha salamu ya mtu ikae chini. Hata mlevi alimwitikia. Nilisimama nikisubiri marahaba yangu, nikairudia salamu, nikairudia, mpaka muuza mihogo akaja kunishika bega.

Msiba ulikuwa mkubwa. Mchana Nilesh alirudi dukani, macho mekundu, mama yake nyuma yake. Kalotri ilipaswa kutoka kabla ya kwenda kumchoma baba. Nilimwambia twende kwa wachapaji wengine, jamani, hii acheni. Akasema hapana, baba yake haandikwi na mtu baki. Akaondoa kitambaa chekundu. Kompyuta ile ilikuwa imekaa bila umeme tangu ile Ijumaa ya kankotri. Akachomeka waya. Akabonyeza kitufe cha pili, cha Sva. Akaandika jina la baba yake.

Likatoka na mpini wa mwavuli.

Alifuta. Akabonyeza cha pili kwa nguvu, akaandika. Chi. Akazima, akawasha, akabonyeza. *Chi. Natvarlal.* Aishi miaka mingi Natvarlal. Nilesh akaweka kichwa juu ya vitufe akalia kwa sauti kama mtoto mdogo, na mimi nikalia, na kioo kinatumulika sote wawili.

Mama Daksha alikuwa amesimama nyuma yetu. Alisogea akasoma. Akaisoma tena, kidole kikifuata.

"Iache," alisema.

"Mama, ni kalotri. Watu watasema nini?"

"Iache hivyo."

Tukachapa. Nilikwenda kuzigawa mwenyewe Kisutu, mlango kwa mlango. Wahindi wale wanajua desturi yao, kwa hiyo kila aliyepokea alitoka nje kuisoma. Walifika kwenye jina, mikono imeshaishika karatasi tayari kuichana, wakakwama. Mmoja baada ya mwingine, niliwaacha wamesimama nje ya milango yao na ile karatasi, hawathubutu kuichana wala kuingia nayo ndani.